Kassian Aliteremka Mwenyewe

Oberegg, bonde la Ulten
26 Novemba 1939

Mwanangu Filomena,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Milano, na wenye nyumba unayofanyia kazi nao wazima, hata kama ni Waitaliano. Sisi hapa wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Naandika mwenyewe. Kassian alitaka kunishikia kalamu nikamwambia mdogo wako huyo akachanje kuni. Nina miaka sabini na moja. Nimeishi nikawamaliza Makaisari wawili, na dola yao yenyewe nimeimaliza. Nimeimaliza homa ya mwaka wa kumi na nane iliyowachukua kaka zangu wawili kwa wiki moja, na theluji iliyoporomoka ikabeba zizi la chini. Nimeimaliza vita niliyopigana nikiwa na miaka arobaini na saba, na bunduki iliyokuwa nzee kuliko mimi. Na mama yako, Mungu amrehemu, yeye sikutaka kummaliza. Nasema haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa jana.

Sasa sikia. Yule wa Roma, Mussolini, unajua alivyotufanya miaka yote hii. Alifunga shule za Kijerumani, wewe ukajifunza kusoma lugha yako kwenye ghala la viazi kama mwizi. Msalaba wa mama yako hauna jina mpaka leo, maana wanataka liandikwe Kiitaliano na mimi sitaki. Tukawa tunamngoja yule wa Berlin, Hitler, tukisema huyu ni wa lugha yetu, siku moja atakuja. Vinzenz wa kinu alikuwa na picha yake nyuma ya kabati. Kumbe kiangazi hiki wakubwa wawili wamekaa wakakubaliana: milima abaki nayo wa Roma, watu awachukue wa Berlin. Hakuna aliyetuuliza.

Kila mwenye nyumba lazima asaini kabla ya mwaka kwisha. Karatasi nyeupe ni kubaki na kuwa Mwitaliano. Karatasi ya rangi ya chungwa ni kwenda Ujerumani. Vinzenz anasema, na mji mzima wa Meran unasema, kwamba watakaobaki watapelekwa Sisilia kulima mawe. Shamba la Oberegg lina miaka mia tatu mikononi mwetu, halijawahi kugawanywa, kila mara linakwenda kwa mtoto mmoja. Huyo ni Kassian. Sitaki Kassian alime mawe Sisilia.

Kwa hiyo nimepata akili. Nitasaini ya chungwa na sitakwenda. Watakuja kupima shamba, watahesabu ng'ombe, wataandika, watapoteza walichoandika. Mimi nitakaa kwenye benchi langu nione nani ana mgongo wa kunibeba. Kassian hajafika miaka ishirini na moja, saini yangu inamtosha. Wewe una ishirini na tano, saini mwenyewe. Ya chungwa.

Baba yako,
Blasius


Milano
8 Desemba 1939

Baba mpendwa,

Milele amina. Nimefurahi kusikia mko wazima na kwamba mwekundu amezaa salama. Mimi sijambo, mikono tu imepasuka kwa sabuni. Wenye nyumba wanakusalimu, usikunje uso.

Baba, nimesaini juzi. Nimesaini nyeupe.

Usiichane barua kabla hujafika mwisho. Sikusaini kwa kumpenda wa Roma. Wewe mwenyewe unajua nilijificha wapi nikijifunza kuandika hizi herufi unazosoma. Nimesaini kwa sababu hapa nilipo ni nyumba ya daktari, na wageni wake wanazungumza mezani mimi nikipakua supu. Hakuna anayemwona mjakazi. Walizungumza habari ya karatasi zetu. Nikathubutu, nikamuuliza mzee mwenye nyumba wageni walipoondoka. Akaniuliza, "Baba yako anadhani anasaini nini?" Nikasema, "Shamba, bwana." Akaweka kijiko chini. "Mena, shamba hawalitaki. Wana vita tangu Septemba. Wanataka vijana."

Ya chungwa ikishasainiwa Kassian ni raia wao. Raia wao wa miaka kumi na tisa, mwenye afya, anayeweza kubeba jiwe la kukandamizia jibini mlimani bila kupumzika. Watamwita jeshini, baba, na hutakuwa na la kuwaambia, kwa sababu wewe ndiye utakuwa umemwandikisha.

Saini nyeupe. Rosina wa shamba la chini amesaini nyeupe, kaniandikia. Habari ya Sisilia hakuna mtu hapa anayeijua, nimeuliza. Nakuomba kwa jina la mama.

Mwanao,
Mena


Oberegg
2 Januari 1940

Filomena,

Tumsifu Yesu Kristo. Tuko wazima.

Nimesaini tarehe thelathini, mbele ya karani mwenye mafua, mimi na mwanangu. Nilikuwa wa kumi na moja kwenye foleni na mzee kuliko wote. Vinzenz alinishika mkono akasema, "Blasius, leo umekuwa mwanamume." Nikamwambia nilikuwa mwanamume wewe ukiwa bado unalowesha kinu cha baba yako. Watu walicheka.

Rosina wamempaka samadi mlangoni na kuvunja madirisha mawili. Padre Anselm naye kasaini nyeupe, anatemewa mate njiani na watu aliowabatiza. Mimi sikupaka na sikutema. Sikuzuia pia.

Unanifundisha kazi, mimi, kwa maneno ya Mwitaliano mwenye kijiko. Wakiniuliza binti yangu yuko wapi nasema sina. Usiandike mpaka ukumbuke wewe ni mtoto wa nani.

Blasius


Oberegg
20 Aprili 1941

Mwanangu Mena,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima. Mwaka umepita na miezi mitatu, najua, nilihesabu. Sisi, maana yake mimi, mzima.

Kassian wamemwita. Barua ilikuja wiki ya mateso, Vinzenz aliileta mwenyewe akiwa amevaa tai. Nikamwambia hatujahama, bado tuko kwenye foleni ya kuhama, shamba halijapimwa. Akasema kuhama ni kitu kingine na jeshi ni kitu kingine. Nikasema mimi sikusaini jeshi. Akasema, "Soma." Nikasoma. Mena, maandishi madogo vile sijawahi kuyaona hata kwenye kitabu cha padre.

Ameondoka Jumatatu kwa gari moshi kupitia mpaka wa Brenner. Alikuwa ametoka kusafisha mfereji wa maji, mikono ina tope. Nikamwambia osha mikono utachekwa. Hayo ndiyo niliyomwambia, sikuwa na mengine kichwani.

Atatimiza ishirini na moja tarehe kumi na tatu Agosti, siku ya mtakatifu wake. Nimefikiri hivi: nilimsainia kwa sababu alikuwa mdogo. Akitimiza umri, saini yangu si inakwisha? Kule Milano Wajerumani wana ofisi. Wewe unajua Kiitaliano, unajua kuzungumza na watu wenye meza. Nenda. Waambie Blasius wa Oberegg, aliyelinda mpaka mwaka wa kumi na tano bila kulipwa viatu, anasema alikosea karatasi.

Sijawahi kuandika neno hilo kabla ya leo. Kama nimeliandika vibaya utanisamehe.

Baba yako


Milano
29 Juni 1941

Baba mpendwa,

Milele amina. Mimi mzima. Niliposoma barua yako nilikaa kwenye ngazi za jikoni mpaka mpishi akaniuliza nani amekufa.

Nimekwenda mara tatu. Ya kwanza walikuwa wamefunga kwa sherehe, wameshinda mahali fulani. Ya pili nilingoja tangu saa mbili asubuhi, saa saba wakasema nirudi na cheti chako cha ndoa. Niliandikia parokia, Padre Anselm akatuma siku hiyo hiyo. Ya tatu nilifika mezani. Kijana wa umri wa Kassian, nywele zimelala vizuri, mwenye adabu. Adabu yake ndiyo iliyonikata miguu.

"Dada, kaka yako analalamika?"

"Hapana, ni baba."

"Baba yako alilazimishwa kusaini?"

"Alidanganywa kuhusu Sisilia."

"Na nani?"

Ningemtajia nani baba, jibu ni kila mtu. Akasema saini ya baba haikwishi mtoto akikua, kama vile jina halikwishi. Akanipa kiti. Akanipa na maji. Akanionyesha ramani ukutani, imejaa bendera ndogo za pini, Ufaransa yote, Ugiriki, Norwe. Akasema, "Kaka yako yuko upande unaoshinda, lala usingizi."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili wakaingia Urusi.

Nimeandikiwa na Kassian kadi moja. Anasema chakula si kibaya, hakuna milima popote, hajui watu wa huko wanatazama nini.

Nitaendelea kuuliza. Ila nataka ujue baba, pale mezani niliona kwamba hakuna mlango.

Mwanao,
Mena


Oberegg
21 Februari 1943

Mwanangu Mena,

Tumsifu Yesu Kristo. Tunasikia Milano inapigwa mabomu. Andika hata mstari mmoja. Mimi mzima.

Kassian yuko hospitali, amekatwa vidole vitatu vya mguu wa kulia kwa baridi. Nilifurahi. Nilikwenda kanisani kumshukuru Mungu kwa vidole vile, Padre Anselm akanitazama. Nikasema mtu bila vidole harudishwi vitani, mimi nilikuwa vitani, najua. Wiki iliyopita imekuja kadi nyingine. Wanamrudisha. Wamempa viatu vikubwa zaidi.

Mtoto wa jirani yetu Hofer amekufa kwenye ule mji wa mto Volga. Ndugu wawili wa kwenye kinu, vijana wa kaka yake Vinzenz, hawajulikani walipo. Vinzenz havai tena tai.

Sina la kufanya hapa zaidi ya kukamua. Nakamua vizuri kuliko wanawake.

Baba yako


Karibu na Como
30 Septemba 1943

Baba mpendwa,

Milele amina. Mimi mzima. Nyumba ya Milano haipo, ukuta mmoja tu umesimama na kabati likining'inia juu. Daktari ametuleta hapa kwa dada yake, ziwani.

Yule wa Roma walimwangusha Julai. Watu walicheza barabarani, mpishi alinibusu, walivunja sanamu zake kwa nyundo za kupasulia mawe. Nikasema sasa imekwisha, sasa Kassian atarudi. Wiki sita baadaye nchi ikasalimu amri, na asubuhi yake wakaja Wajerumani na vifaru, wakamrudisha kwenye kiti kama mwanasesere. Nasikia kwenu wameingia siku hiyo hiyo na watu wakawapa maua. Uliwapa maua?

Sasa wanaita wote jeshini, waliosaini nyeupe na waliosaini chungwa. Niliposikia nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe hata ningekushawishi, ingetupa miaka miwili tu. Lakini miaka miwili, baba.

Mwanao,
Mena


Oberegg
8 Januari 1945

Mwanangu Mena,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii haipiti posta, anakuletea mtawa anayeshuka kuomba chumvi, kwa hiyo naandika wazi. Natumaini u mzima. Mimi nina miaka sabini na sita na ninajisikia arobaini.

Kassian yuko nyumbani.

Alifika tarehe ishirini na moja Novemba, nikiwa nakamua. Nikasikia mtu mlangoni, nikasema bila kugeuka, "Funga, baridi inaingia." Akafunga. Akasema, "Bado unamkamua mwekundu kwa nguvu hivyo, atakupiga teke." Sikugeuka mpaka ndoo ikajaa. Walimpa likizo ya siku kumi na nne. Siku ya kumi na tatu akaniambia, "Baba, sirudi." Nikamwambia, "Nani kakuuliza?"

Yuko juu, kwenye kibanda cha nyasi kavu cha malisho ya juu, chini ya mwamba. Unapajua. Wanamtafuta, walikuja mara mbili. Nikawaambia aliondoka siku yake, muulizeni mwenye gari moshi. Sheria yao sasa ni kwamba mtu akikimbia jeshi wanachukua jamaa zake. Kwenye bonde la jirani wamechukua mama na dada wawili. Nikafikiri, wewe uko mbali, mimi ni mzee, waje.

Kila siku ya tatu napanda na kigari cha kuteleza, kama mtu yeyote anayeteremsha nyasi zake wakati wa theluji. Chini ya gunia naweka mkate, nyama ya moshi na maziwa. Tunakaa mchana pamoja. Anafunga mizigo, mimi nashuka nayo. Mena, hujawahi kuona mizigo kama hiyo. Bonde zima halina mzigo kama wa Oberegg mwaka huu. Alikuwa ananisimulia ya Urusi, akaacha. Sasa tunazungumzia ng'ombe.

Kitu kimoja tu nataka, majira ya kuchipua yafike na yeye awe amekaa hapo. Warusi wanakuja upande mmoja, Waamerika upande mwingine, hata Vinzenz anajua. Miezi mitatu, minne. Mtu anaweza kukaa kwenye nyasi miezi minne. Nitamfikisha.

Baba yako,
Blasius


Karibu na Como
26 Januari 1945

Baba mpendwa,

Milele amina. Mtawa amefika leo, anarudi kesho, naandika haraka. Nimemshukuru Mungu na nimeichoma barua yako.

Usimwambie mtu. Si Hofer, si Rosina, si ng'ombe. Mimi nakujua mdomo wako baba, nakupenda na nakujua. Ukishinda kitu huwezi kukaa nacho. Sasa kaa nacho. Miezi mitatu usiwe mtu wa ajabu, uwe mzee tu kama wazee wengine, ulalamikie mgongo.

Mwambie Kassian dada yake anamfumia soksi, mguu wa kulia mfupi.

Mwanao,
Mena


Milano
14 Septemba 1945

Baba,

Vita imekwisha tangu Mei na nimeandika mara nne. Hujibu. Padre Anselm ndiye aliyeniambia kwamba Kassian alikamatwa Februari. Hakusema zaidi, alisema ni juu yako kusema.

Jana nimekutana na binti wa Hofer hapa, amekuja kutafuta kazi. Nikamkumbatia. Akawa kama ubao. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mena, usiniulize mimi." Nikamshika mkono nikasema nitakuuliza wewe. Akasema kijijini wanajua kwamba Blasius wa Oberegg alimteremsha mwanawe kwa mkono wake mpaka darajani, akamkabidhi, kwa sababu walitishia kumchukua yeye na kufunga shamba. Akasema waliwaona wameshikana mikono.

Sema ni uongo baba. Au sema ni kweli, nijue. Sitakuja Oberegg wala sitaandika tena mpaka nipate barua kwa mkono wako.

Filomena


Oberegg
11 Novemba 1945

Mwanangu Mena,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nangoja, na nilichongoja kimefika. Oktoba alikuja mtu wa bonde la Sarn, kwa miguu, alikuwa vitani pamoja na Kassian. Nikampa madonge ya mkate na supu, alikula sahani tatu kabla ya kusema. Kassian aliuawa tarehe kumi na tisa Machi kwenye mto Oder. Walikuwa wamewapa koleo, si bunduki, wachimbe mahandaki mbele ya wengine, ndiyo adhabu yao. Nikamuuliza kama ilikuwa haraka. Akasema haraka. Mimi nilikuwa vitani, na mimi niliwaambia kina mama wengi kwamba ilikuwa haraka.

Sasa nakuandikia yaliyotokea, yote, kwa mpangilio. Nimeandika siku tano.

Barua yako ya kuniambia ninyamaze ilifika tarehe ishirini Februari, njia ilifungwa na theluji. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo tarehe mbili.

Ilikuwa sikukuu ya mishumaa. Baada ya misa tulikaa kwenye kilabu cha mvinyo, wazee watupu, vijana hakuna. Tukazungumzia nyasi, nani ameteremsha kiasi gani. Hofer akasema mizigo minne, na mabinti zake wamemsaidia, na mgongo umekwisha. Wote walikuwa wanalalamika. Nikavumilia, Mena, naapa nilivumilia glasi nzima. Kisha Hofer akaniambia, "Na wewe Blasius, mwaka huu ng'ombe wako watakula theluji, nini?" Nikasema, "Kumi na saba." Akasema kumi na saba nini. Nikasema mizigo, na hakuna mwanamume wala mwanamke aliyenisaidia.

Wakacheka. Hofer akasema hata ukiwa na miaka thelathini hukuweza kufunga mzigo peke yako. Mimi nikasema, "Ninyi hamjawahi kuwa na mikono." Hapo hapo nikasikia nilichosema. Maana mzigo wa nyasi unafungwa na watu wawili, mmoja anasimama juu kukanyaga na mwingine anavuta kamba chini. Mtoto anajua. Kicheko kikafa, mmoja mmoja, wakaanza kutazama glasi zao. Hakuna aliyetaka kujua alichokuwa amekijua. Vinzenz alikuwa karibu na jiko. Alilipa akaenda.

Siku mbili nilijiambia ni mlevi, hakusikia. Siku ya tatu, Jumatatu, akaja, amevaa nguo za kinuni. Akasema, "Nimekuja kama jirani. Kuna mwingine aliyekuwa pale amekwisha kupeleka maneno Meran, sikuwa mimi. Jumatano watapanda na mbwa."

Nikasema, "Wapande. Mizigo nimefunga mwenyewe."

"Blasius."

"Nimefunga mwenyewe."

Akatazama rundo la nyasi uani. "Basi nifungie mmoja hapa. Nione kwa macho yangu, nikaape mbele yao kwamba nimeona."

Nadhani alimaanisha. Nadhani alitaka kuapa. Nikavua koti. Nikatandaza kamba, nikapakia, nikapanda juu kukanyaga, nikashuka kuvuta, zikafumuka. Nikaanza upya. Mara ya pili nilivuta kwa meno. Mara ya tatu nilianguka nikalala chini ya nyasi, na nilipojitoa Vinzenz alikuwa anatazama kofia yake. Akasema, "Pole mzee," akaenda zake. Rosina alikuwa ameyaona yote kutoka uani kwake.

Rosina ndiye aliyepanda kwa Kassian jioni ile na kumwambia yote. Simlaumu. Alidhani Kassian atakimbia, avuke kilele. Kuvuka kilele Februari, na mguu usio na vidole.

Jumanne asubuhi, nikiwa nimebeba gunia tayari kupanda, nikamwona anashuka. Amevaa sare yake, ameisafisha. Nikasimama njiani nikatanua mikono. Nikasema, "Rudi juu." Akasema, "Baba, watakuchukua." Nikasema wanichukue, nimekula vya kutosha. Akasema, "Na huyu mwekundu atakamuliwa na nani?" Kama mtu anayeuliza jambo la kawaida. Nikasema nitakwenda mimi kwa Vinzenz niseme ni mimi niliyekulazimisha ubaki. Akasema, "Utasema, na watatuchukua wote wawili." Nilitafuta neno lingine. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno. Nikapiga magoti kwenye theluji mbele ya mwanangu nikamshika miguu. Akaninyanyua kwa makwapa kama unavyomnyanyua ndama. Akasema, "Twende basi, unisindikize mpaka darajani."

Nikamsindikiza. Ni kweli tulishikana mikono. Hilo walilosema ni kweli. Aliyemshika mwenzake ni yeye, maana mimi miguu ilikuwa haibebi. Kwenye kona ya kinu akasema theluji mwaka huu ni nzuri kwa malisho. Darajani walikuwapo askari wawili wa zamu na gari. Waliandika jina lake. Mmoja aliniuliza, "Wewe ni nani?" Nikasema baba yake. Akasema, "Umefanya vizuri, mzee." Ndiyo hiyo waliyoisikia watu wa kijiji, na mimi sikumjibu.

Kwa hiyo sikumkabidhi. Nilimsainia, na nilimfichua kilabuni. Lakini kumkabidhi sikumkabidhi, Kassian aliteremka mwenyewe. Nataka upambanue.

Usiponiamini, na una haki, wapo wanaojua. Vinzenz yuko kambini kwa Waamerika, lakini wanaruhusu barua. Padre Anselm alikuwa upande wa pili wa daraja na Ekaristi ya mgonjwa, alisimama akatubariki. Na Rosina alinifuata kwa mbali tangu getini, aliona magoti, aliona ninavyonyanyuliwa, alisikia kila neno. Muulize huyo kwanza. Hanipendi, hatanipendelea.

Baba yako,
Blasius wa Oberegg